Aliyelowa Kabla Yetu

Mwanamke mmoja alikuwa na fimbo nyepesi na kanga mbili, moja ya kukaa nayo na moja ya kulowesha. Aliitwa Namkunda, mjane wa Mawioni, kijiji kilichokuwa upande wa bonde jua linakotokea. Ng'ambo, jua linakozama, kilikuwapo kijiji cha Machweoni. Katikati palikuwa na nyasi za kuezekea, ndefu kumpita mtu mzima, na ukungu uliolala humo kila asubuhi hata usijue mlima uko wapi na mbingu zinaanzia wapi.

Watu husema fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Kwa hawa, nyasi ndizo zilizowapiganisha fahali. Kila kijiji kilisema bonde ni lake, wakakatana kwa yale yale mapanga ya kukatia majani ya paa, na mtoto wa kiume wa Namkunda akabaki huko chini. Walipochoka kuzika, waliapa kwamba tangu siku hiyo chuma hakitaingia bondeni. Si panga, si mundu, si hata kisu cha kumenyea muhogo. Majani yataota yatakavyo, na njia moja itapita katikati, ya watu wote.

Kiapo kilikuwa chema. Lakini moyo uliotoka vitani juzi hutafuta sababu ya kugeuka nyuma, na sababu yenyewe haihitaji kuwa kubwa. Majani yasiyokatwa yaliinamia njia, na kila alfajiri yalibeba umande kama ndoo iliyojaa. Mtu alishuka na nguo zake safi akitaka kwenda kumjulia hali mwenzake wa ng'ambo, akapiga hatua kumi, akalowa mpaka kiunoni. "Aa, kwani lazima leo?" Akarudi kwake. Kesho vivyo hivyo. Basi njia ikaanza kuziba.

Namkunda aliliona hilo akaogopa sana. Binti yake, Nanzia, alikuwa ameolewa Machweoni, na alikuwa na mimba. Njia ikifa, vita vitarudi, na vita vikirudi Nanzia atakuwa mtoto wa adui ndani ya nyumba ya mumewe. Akasema moyoni, mmoja mmekwisha kunichukulia, huyu hapana. Siku iliyofuata, kabla jogoo wa pili hajawika, alifunga ile kanga ya kulowesha, akashuka bondeni akiyapiga majani kwa fimbo, huku na huku, taratibu, umande ukimwagika juu yake yeye. Jua lilipotoka, aliyepita alipita mkavu.

Akafanya hivyo kila siku. Hakutumwa, hakulipwa, hakumwambia mtu. Kulikuwa na utamu wake pia, tusidanganyane: kutembea ndani ya weupe ule, husikii kitu ila matone, mpaka ukadhani umeshavuka ukafika kule waliko waliotangulia. Asubuhi moja, akiwa karibu na jiwe kubwa la katikati, alisikia mbele yake sauti ya fimbo nyingine. Moyo ukampasuka. Akadhani ni mwanawe. Ukungu ukafunguka kidogo, kumbe ni Senkondo, msuka vikapu wa Machweoni, naye amelowa chapachapa.

"Umeamkaje, dada?"

"Salama, kaka. Kumbe tuko wawili!"

Tangu hapo kila mmoja alikung'uta umande upande wake, wakasalimiana penye jiwe, wakarudi.

Miaka mitatu ikapita, na hapo ndipo watu walipopotoka. Walisahau umande. Wakaamini kwa dhati kwamba njia yao haina umande, kwamba Mungu ameibariki kwa ajili ya kiapo. Walijisifu hivyo mpaka kwa wageni. Wakafanya sherehe ya amani, wakachinja, wakawaketisha mbele wale waliosema maneno mazuri siku ya kiapo. Mbele kabisa aliketi Mbazi wa Mawioni, aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote. Namkunda alikuwa jikoni akipakua. Mbazi alipomwona akamtania, "Mama Namkunda, mbona kila siku tunakuona na kanga mbichi? Au unaoga nayo?" Watu wakaangua kicheko. Namkunda alicheka nao, lakini ilimuuma, na usiku ule hakula.

Maji ya kila siku si kitu cha kuchezea. Msimu wa baridi ulipoingia, homa ya kifua ilimlaza Namkunda kitandani. Siku ya kwanza hakuamka. Watu wa Mawioni walishuka njiani wakarudi wakipiga kelele, wamelowa. Maji! Njia yetu haijapata kuwa na maji! Wa Machweoni nao walikuja wakavu mpaka penye jiwe, na kutoka hapo wakalowa. Wa Mawioni wakasema, wenzetu wametumwagia maji ya dawa. Wa Machweoni wakasema, wenzetu wametutegea uchawi upande wao. Jioni mapanga yalisikika yakinolewa pande zote mbili.

Alfajiri ya siku ya pili, Namkunda alisikia kutoka kitandani miguu mingi ikipita ikishuka. Alijaribu kusimama, akashindwa. Akalia akilitaja jina la Nanzia.

Wanaume walishuka ndani ya ukungu, chuma mikononi, wa huku wakiwa hawawaoni wa kule, wakisikiana pumzi tu. Wakakutana penye jiwe. Na juu ya jiwe ameketi Senkondo, fimbo mapajani, maji yakimchuruzika kutoka kichwani mpaka kwenye nyayo. Hakutazama mapanga. Alitazama miguu. Akaona ya watu wa Mawioni imelowa, na ya watu wa kwao mikavu kabisa, kisha akauliza kwa uchungu:

"Huu ni umande, enyi watu. Mwenzangu aliyekuwa akilowa kwa ajili yenu upande wa pili yuko wapi?"

Watu wa Machweoni walijitazama ukavu wao, wakamtazama yule mtu aliyelowa, wakaona haya. Naye Mbazi alikumbuka ile kanga mbichi iliyomchekesha. Panga likamtoka mkononi, akalitaja jina la Namkunda.

Namkunda alisikia miguu ikirudi, mingi zaidi ya iliyoshuka, akajua yamekwisha, wanamletea maiti. Mlango ukafunguka. Akaingia Nanzia, aliyefuatwa kwake Machweoni, mtoto mgongoni, nyuma yake Senkondo, na nyuma yake watu wa vijiji vyote viwili wakijaa uani, mikono mitupu. Mbazi alipiga magoti kando ya kitanda, suruali yake ikichuruzika maji. Sauti ile kubwa haikutoka. Akasema polepole, "Mama, nisamehe. Fimbo unaiweka wapi?"

Tangu hapo kila nyumba ya bonde lile ina zamu yake ya kukung'uta umande. Na sherehe ya amani ikifika, kiti cha mbele hapewi msemaji. Hukaliwa na yule aliyetoka zamu asubuhi hiyo, na haruhusiwi kubadili nguo. Hukaa pale amelowa vile vile, wote wamwone, naye hupakuliwa kwanza. Wa kwanza kukikalia alikuwa Namkunda, ingawa alibebwa, na Senkondo ubavuni pake.

Nawe uliyefika hapa leo ukiwa mkavu, umewahi kuuliza ni nani aliyelowa?