Kona Pana ya Mwinyi Kondo

Mwinyi Kondo na Bi Mashavu, mjane wa nduguye, waliachiwa shamba la pembe tatu. Upande mmoja ulilindwa na mto. Pande mbili zilizobaki zilitaka ua, maana nguruwe pori walikuwa hawabakizi muhogo.

"Mimi ndiye mkubwa, najenga kwenye kona pana," alisema Kondo. "Wewe jibane kwenye ile nyembamba."

"Sawa, shemeji. Ila desturi tusiivunje: kila mtu azibe upande unaotazamana na mlango wake."

"Sina neno."

Bi Mashavu alimaliza ua wake Jumatano ya wiki ileile, akakaa kibarazani kukuna nazi. Mwezi wa pili tangu waanze, Kondo akaja, viganja vimechubuka.

"Shemeji, mbona ua wangu hauishi?"

"Kona ikipanua mdomo, upande inaoutazama nao hurefuka."

"Basi tubadilishane!"

"Haya, shemeji. Malizia kwanza ua."