Holo na Shamba la Chini ya Mwamba

Udongo ni mjukuu wa jiwe. Ndivyo alivyosema mama yenu asubuhi tulipokuwa tukipalilia, nanyi mmekuja kuniuliza jiwe linazaaje. Basi kaeni, niwaeleze msemo huo ulikoanzia.

Zamani, kwenye vilima vya mawe kule Usukuma, aliishi mwanamke aitwaye Holo. Mumewe alifariki akamwachia watoto wawili wadogo. Ukoo ulipogawa mashamba, bonde lilikwenda kwa wanaume, na Holo akapewa mteremko ulio chini ya mwamba mkubwa. Mayunga, ndugu wa marehemu, alimwambia kwa upole, "Shemeji, lima hapo tuone. Ukishindwa kuwalisha watoto, itabidi urudi kwenu, na wao wabaki huku kwa baba zao."

Usiku ule Holo hakupata usingizi.

Msimu ule hakuvuna kitu cha maana. Lakini kwa kuwa alishinda pale kutwa, alianza kuona mambo. Jua la kiangazi liliuchoma mwamba, baridi ya usiku ikaupoza, hata ngozi yake ikawa inabanduka kama maganda ya kitunguu. Mtini ulioota katika ufa ulikuwa umenenepesha mizizi, na ufa nao ukazidi kupanuka. Na pale maji ya mvua yalipozoea kutuama, jiwe lilikuwa limeoza. Alilifinya kwa vidole, likamomonyoka kama kiporo cha ugali. Mvua zilipoanza, chembechembe hizo zote zilisombwa na maji mpaka bondeni.

"Kumbe shamba langu hunipita hivihivi nikilitazama," alijisemea.

Akakusanya mawe yaliyoanguka, akayapanga yawe kuta fupi za kuzuia udongo mteremkoni, akamwaga samadi ya mbuzi nyuma ya kuta hizo. Kila mvua iliacha udongo kidogo. Mavuno ya kwanza yalikuwa ya kikapu tu, na watoto walikula mboga za porini zaidi ya ugali. Misimu ikapita. Hatimaye mtama ukasimama kimo cha mtu.

Mwaka huo Mayunga alikuja kuzungumzia habari ya watoto. Akawakuta shambani wakiwinga ndege, wamenawiri. Akainama, akachota udongo.

"Shemeji, huu umeutoa wapi?"

"Umeshuka wenyewe kutoka juu."

"Juu kuna jiwe tu."

Holo akamwekea kiganjani kipande cha jiwe lililooza. "Lifikiche."

Mayunga akalifikicha. Likawa changarawe, kisha mchanga, na mwisho vidoleni likabaki vumbi la rangi ileile ya shamba lake la bondeni. Akatazama bondeni.

"Basi hata wa kwangu ulitoka hapa."

"Jiwe huzaa changarawe, changarawe ikazaa udongo," akasema Holo. "Udongo ni mjukuu wa jiwe, shemeji. Mimi nilimngoja tu huyo mjukuu, nikamtandikia mahali pa kulala."

Mayunga akacheka, akaomba maji ya kunywa. Habari ya watoto hakuigusa tena. Kesho yake alirudi na wanawe, wakamsaidia Holo kujenga ukuta mwingine, mrefu kuliko yote. Watoto walikulia mikononi mwa mama yao.

Tangu hapo, mtu akikutana na jambo gumu akataka kulitupa, au mtoto asiyesikia akataka kumkatia tamaa, wenzake humwambia angoje, na wakati anangoja ajenge ukuta. Udongo ni mjukuu wa jiwe.