Unga wa Pimbi na Rangi ya Kiboko

Wewe hapo, ungekunywa maji ambayo anayeyasifu hayagusi? Usitazame wenzako, jibu!

Basi hapo kale, wanyama walipokuwa bado wakijenga nyumba na kualikana harusi, Kiboko alikuwa na kiwanda mtoni cha kutia vitambaa rangi ya buluu. Chini yake, maji yanakoelekea, kwenye majabali, aliishi Mama Pimbi na watoto wanne. Wote wanne matumbo yaliwasokota kutwa.

"Shikamoo, Mzee Kiboko. Nimekuja tena. Unamwaga nini mtoni?"

"Marahaba. Mimi? Hata tone! Huoni maji yanavyong'aa?"

Yalikuwa yanang'aa kweli. Lakini Kiboko mwenyewe alichotewa ya kunywa kwenye chemchemi ya juu kabisa.

Pimbi akarudi nyumbani amekaza meno. Akachuja maji kwa kitambaa. Wapi! Akachuja kwa mchanga. Wapi! Jaribio la tisa akatwanga makaa na kutu ya chuma, twa! twa! twa!, akakaanga, akasaga tena, mpaka akapata unga laini kuliko wanja. Akaukoroga mtungini, akasubiri, kisha akatumbukiza jiwe la sumaku.

Chap! Unga wote ukanata kwenye jiwe, umeukumbatia uchafu usioonekana kwa macho. Akausuuza kwa maji ya ndimu, uchafu ukaachia, unga ukarudi kazini. Unga ule ule, kesho na keshokutwa.

Watoto wakapona.

"Sasa tulia, mama," jirani yake Swala akamwambia.

"Nitulie? Huko chini watoto wangapi wanatapika? Nitachuja mtungi mmoja mmoja mpaka lini? Anayemwaga aache!"

Yale maji ya kusuuzia hakuyatupa. Siku arobaini aliyaanika juani, yakakauka, ikabaki rangi: buluu iliyokolea mpaka inaumiza macho. Siku ya gulio akaipanga kwenye mkeka.

"Njooni! Buluu ya Pimbi! Haina mwenyewe, nimeipa jina langu!"

Ardhi ikatetema, ti! ti! ti! Kiboko huyo, anahema.

"Mwizi! Hiyo rangi yangu!"

"Pole pole, mzee. Buluu ziko nyingi."

"Kama hii? Hakuna mwingine anayeijua! Miaka saba nimeitafuta!"

"Ajabu. Mimi nimeitoa mtoni, na wewe hujamwaga hata tone. Kwa hiyo si yako."

Kiboko akaitazama rangi, akawatazama watu, jasho linamtiririka.

"Buluu ya Pimbi!" Swala akapaza sauti. "Mama, nipimie!"

"Nami nipimie!" akadakia Kanga.

Hapo mkumbuke hili, wanangu: anayetaka sifa ya kazi yake abebe na uchafu wake.

"Msiiite hivyo!" Kiboko akanguruma. "Ni yangu! Niliimwaga mimi, kila alfajiri, mapipa matatu!"