Siwa Iliyozibwa Nta

Alikuwako katika zama zilizopita Sultani Badiuni bin Taimuri, mtawala wa Kirumbani, mji wa kuta saba na visima arobaini, na alikuwa na majumba na mabustani na farasi sitini wa kila rangi, na farasi hao wote, jamaa zangu, aliwajua kwa majina. Lishikeni jambo hilo la farasi, maana mimi kila nikilikumbuka damu hunichemka.

Na katika hazina ya Sultani huyo palikuwa na siwa, pembe kubwa ya ndovu iliyonakshiwa na kupambwa kwa dhahabu, na ndani yake alikaa jini aitwaye Kamtariri, ambaye babu wa ukoo ule alimshinda vitani akamfunga humo kwa sharti moja. Kila mtoto atakayezaliwa katika nyumba ile, siku ya saba mkunga aliyempokea ndiye atakayemvusha kizingiti kwa mikono yake, wala si mtu mwingine, na baba atalitamka jina la mtoto kwenye mdomo wa siwa, na siwa itapulizwa, na Kamtariri atalichukua jina lile na kulitangaza nchi nzima, hata majini na mashetani wajue kwamba mtoto huyu ana wenyewe na haguswi. Na tena mtu akila kiapo huku mkono wake umeshika siwa ile, kiapo hicho hakifutiki.

Basi mkewe Sultani, Bibi Zuwena binti Harithi, alipozaa mtoto wa kwanza na ikawa ni binti, Sultani alitazama kando, akasema siwa ya mababu haipulizwi kwa ajili ya watoto wa jikoni. Akaamuru izibwe kwa nta mpaka azaliwe mwana wa kiume. Akaja binti wa pili, akaja na wa tatu, na wote watatu walivushwa kizingiti kimyakimya kama watu wanaoiba.

Aliyewavusha alikuwa Bi Mize, mkunga wa jumba la kifalme, mwanamke mfupi mwenye mikono mipana na ulimi usiojua kuzunguka, ambaye hata Sultani mwenyewe alizaliwa mikononi mwake. Kila mara alipovuka kizingiti na binti wa Zuwena bila siwa, Bi Mize alisikia hasira ikimpanda hadi utosini, naye akaimeza, kwa kuwa Bibi Zuwena alimwomba aimeze. Lakini hasira iliyomezwa mara tatu haikumpungua. Ilimkaa tumboni, ikawa inamwamsha kila alfajiri na kumkosesha hamu ya chai.

Zuwena alipochukua mimba ya nne, na mimba ilipofika mwezi wa saba, Sultani alikuja mlangoni mwa chumba chake akiwa na kadhi wa mji, Sheikh Muharami, na mtumishi amebeba siwa. Sultani akaweka mkono juu ya siwa, akasema, "Nashuhudisha. Safari hii akitangulia kutoka mtoto wa kike, basi Zuwena ni taliki." Kisha akaenda zake kutazama farasi, naye kadhi akamfuata huku ameinamisha kilemba. Bi Mize alikuwa amepiga magoti pale chini akiikanda miguu ya Zuwena iliyovimba, na alilisikia kila neno.

Siku ilipotimia Zuwena alishikwa na uchungu tangu alfajiri, na jua lilipopanda Bi Mize akampokea binti mwenye nywele nyingi, aliyelia kwa sauti ya kugombana. Na kabla hajamaliza kumfunga kitovu, akahisi kwa mkono wake kwamba tumboni bado mna mtu, na haukupita muda akampokea wa pili, naye ni mvulana. Zuwena akawekewa wote wawili kifuani, akacheka na kulia pamoja, na Bi Mize akawatia tende midomoni na kuwaambia, "Karibuni, wanangu, karibuni nyumbani," kisha akapiga vigelegele vilivyowatoa watumishi jikoni.

Habari zilipomfikia Sultani, hakusikia ila neno moja tu, mvulana. Mizinga ikapigwa, ng'ombe wakachinjwa, na kiapo chake kikamtoka kichwani kama vile hakukila. Kisha akatoa amri: siku ya saba nta iondolewe na siwa ipulizwe kwa ajili ya mwana wake Muadhamu, na asubuhi ya siku hiyo hiyo yule binti apelekwe shamba la mbali akalelewe na mama wa kunyonyesha, kwa kuwa mnajimu amesema pacha wa kike hunyonya bahati ya ndugu yake.

Amri hiyo ilisomwa chumbani wakati Bi Mize anamfunga Zuwena mkaja tumboni baada ya kumkanda kwa maji ya moto. Zuwena akamkumbatia binti yake, akasema, "Bi Mize, wanakuja kuninyang'anya mwanangu."

"Hawamchukui," alisema Bi Mize, na kwa ghadhabu akaikaza ile nguo ya mkaja kwa nguvu kupita kiasi. "Wewe kunywa uji wako, mwanangu, maziwa yajae. Umenizuia mara tatu, nami nikakutii. Safari hii usinizuie."

"Sikuzuii," alisema Zuwena. "Mimi pia nimechoka."

Siku ya saba ilipowadia, mji mzima ulikusanyika uwanjani mbele ya jumba, na mwenye marashi alijipaka na mwenye joho alilivaa, na Sultani aliketi kitini pake na siwa mbele yake. Bi Mize akaja hadi mlangoni, mkono wa kulia amempakata binti na wa kushoto amempakata mvulana, wote wamenyolewa na kupakwa mafuta na kutiwa wanja, na nyuma yake akaja Zuwena na mabinti zake watatu wakubwa. Na Bi Mize alipofika kwenye kizingiti hakuvuka. Aliketi palepale.

"Vuka, Bi Mize," alisema Sultani. "Watu wanangoja. Mlete mwana, na huyo mwingine mpe mtumishi, punda wa safari amekwisha kutandikwa."

"Sivuki, Maulana," alisema Bi Mize. "Nimevuka hapa mara tatu na watoto wako, na mara tatu umewatazama kana kwamba nimebeba maji machafu. Mikono hii ndiyo iliyokupokea wewe, ukiwa umejikunja na umefumba macho, na wala sikuuliza kwanza una nini ndipo nikukumbatie. Leo nina maneno ya kusema, na nitayasema nimekaa, maana magoti yangu yamezeeka katika kuwapokea watu wa nyumba hii. Uliapa katika mwezi wa saba, mkono wako ukiwa juu ya siwa, kwamba akitangulia binti Zuwena ni taliki. Aliyetangulia ni huyu hapa. Kwa hiyo mama huyu si mkeo, nawe huna amri juu ya kifua chake wala juu ya anayenyonya kifuani mwake."

Sultani akabadilika rangi, akasema, "Sikusema hivyo. Mwulizeni kadhi kama nilisema hivyo."

Watu wakamgeukia Sheikh Muharami, naye akakohoa, akarekebisha kilemba, akasema kwamba siku zile masikio yake yalikuwa na ugonjwa. Bi Mize akamtazama mtu yule aliyekuwa na elimu ya vitabu vingi hivyo, na akamdharau kwa moyo wake wote.

"Basi yameisha," alisema Sultani. "Bandueni nta."

Nta ikabanduliwa, na Sultani akainama akalitamka jina la Muadhamu kwenye mdomo wa siwa, na mpulizaji akaishika na kupuliza mpaka mashavu yakamvimba na macho yakamtoka, lakini siwa haikutoa hata mlio wa inzi. Akapuliza mara ya pili, kimya. Na mara ya tatu ukatoka moshi mzito, ukapanda juu ya kuta, ukawa jini, kichwa chake kimezidi mnara na macho yake mekundu, na watu wakaanguka kifudifudi. Akafungua kinywa, na sauti iliyotoka haikuwa yake, ilikuwa sauti ya Sultani hasa, na mikwaruzo yake na majivuno yake, ikisema, "Nashuhudisha. Safari hii akitangulia kutoka mtoto wa kike, basi Zuwena ni taliki."

Kisha akarudi katika sauti yake mwenyewe, akanguruma. "Mimi ni Kamtariri. Niliahidi kutangaza majina, nami nikazibwa mdomo kwa nta miaka tisa, na majina matatu yamenikwama kooni kama miiba ya samaki. Ee mwana wa Taimuri, wewe ndiwe uliyevunja sharti. Nimekuwa huru kuziangusha kuta hizi zote saba juu ya kichwa chako, na nitaanza na ule wa mashariki."

Ukuta ukaanza kutikisika na vumbi likamwagika, na pale mlangoni wale wachanga wawili wakashtuka, wakaanza kulia. Bi Mize akainuka kwa hasira, akamnyooshea jini kidevu kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa na kazi, akasema, "Na wewe nawe punguza sauti. Huoni kuna watoto wachanga hapa? Una haki ya kukasirika, hata mimi nimekasirika, lakini huu ukuta chini yake kuna nyumba za watu, na ndani yake kuna wazazi ambao hawajatimiza arobaini."

Na Kamtariri, ambaye wafalme walimwogopa, akaona haya, akashusha sauti. "Basi na ayatamke majina matatu yaliyonikwama," alisema, "kwa mpango wa kuzaliwa kwao, nami nitaridhika."

Hapo kadhi naye akapata ulimi wake, maana alimwogopa jini kuliko alivyomwogopa Sultani, akasema mbio mbio, "Talaka ilianguka binti alipotoka, na eda ya mwenye mimba ni kuzaa, na mimba iliisha alipotoka wa pili. Bibi Zuwena ni mwanamke huru tangu siku saba zilizopita, na wanyonyao hukaa na mama yao."

Lakini Sultani hakuwa anamsikiliza. Alikuwa ameinama kwenye siwa, mdomo wazi, na hakuna kilichotoka. Alijua Radi na Tufani na Lulu ya Bahari na wale farasi wengine wote hamsini na saba, lakini majina ya mabinti zake hakuyajua, kwa kuwa siku ya kupewa majina hakuwapo na siku nyingine zote hakuuliza. Na mji mzima ulikisikia kimya kile. Mimi naliambiwa na bibi yangu, naye aliambiwa na bibi yake, kwamba hakuna aibu iliyopata kusimama wazi namna ile katika uwanja wa Kirumbani.

Akamtazama Zuwena. Zuwena akasema, "Usiniulize mimi. Waulize wenyewe."

Basi Sultani akavua viatu, akautembea uwanja wote mbele ya macho ya watu, akafika mlangoni na kupiga magoti mbele ya binti mkubwa, mwenye miaka tisa. "Unaitwa nani?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Naitwa Thuweba," alisema mtoto. "Nakaa nyumba hii hii, chumba cha tatu."

Wa pili alikataa kujibu. Akafumba mdomo, akageuza uso ukutani, na Sultani akangoja magotini huku jua likimpiga kichwani, na hakuna aliyemhimiza mtoto, mpaka mwenyewe akaona inatosha, akasema kwa upande wa mdomo, "Zamzam." Na wa tatu, aliyekuwa na miaka mitatu, akamtazama sana na kumwuliza, "Wewe ni nani?" Na Sultani akalia machozi mbele ya raia zake, na mama yake mtoto akasema, "Huyu ni Somoe."

Ndipo Bi Mize akawarudisha wachanga kwa mama yao, akamchukua Thuweba mgongoni ijapokuwa miguu ya mtoto ilikuwa inaburura chini, akamvusha kizingiti upya, na Sultani akalitamka jina, na siwa ikalia. Ikalia hata visima vyote arobaini vikafurika maji matamu. Akamvusha Zamzam, na ndege wa nchi nzima wakatua juu ya kuta wakiliita jina hilo. Akamvusha Somoe, na kila mti usiozaa ukachanua. Kisha akamvusha binti mchanga, ambaye mama yake alimwita Raya, na punda wa safari akajifungua kamba mwenyewe, akarudi zizini. Na wa mwisho kabisa akavushwa Muadhamu, mahali pake, baada ya dada zake wote wanne, na siwa ikalia kwake kwa furaha ile ile, wala haikuzidi. Kamtariri akaaga kwa heshima, akarudi ndani ya pembe, na koo lake limepona.

Bibi Zuwena akaenda kwa mama yake na watoto wake watano, akakandwa na kulishwa mpaka akatimiza arobaini, naye Sultani akaja kuposa kama kijana yeyote, akarudishwa. Akaja tena, akarudishwa. Mara ya tatu Zuwena akamwambia, "Mahari yangu ni hii. Siwa itoke hazinani, ikae mlangoni, na ipulizwe kwa kila mtoto azaliwaye Kirumbani, wa sultani na wa mchota maji. Na wewe mwenyewe usimame hapo kila siku ya saba, umsikilize baba akitaja jina." Sultani akakubali, wakaoana, harusi ikawa ya siku saba, na nchi ikastawi, na mabinti wale baadaye waliolewa na watu waliowajua kwa majina kabla ya kuwajua kwa ukoo.

Na Bi Mize alipoulizwa siku ya harusi kama hasira yake imekwisha, alisema haijaisha, ila sasa anakunywa chai.

Hekaya niliipokea hivi na hivi naikabidhi. Ewe uliyenisikiliza, ukifika kwako waite watoto wako wote kwa majina, kuanzia mkubwa. Na ukikwama popote usiniletee mimi udhuru, vua viatu ukawaulize wenyewe.