Digidigi na Pembe Iliyozama

Naanza kwa jina la Mola, aliyeitandaza ardhi kwa kipimo na kuziinua mbingu bila nguzo. Ngano hii niliipokea kwa nyanya yangu, Mwanaharusi wa Ozi, naye aliipokea kwa mamaye.

Naitoa ngano!

Itoe, tuipokee!

Hapo kale, kale sana, ukame ulikausha visima vyote, likasalia bwawa la Mamba. Mama mzazi wa Digidigi alikuwa amelala chini, roho imemfika kooni kwa kiu. Digidigi akaenda kuomba maji. Akawakuta Fisi na Kima.

Mamba akawaambia, "Shamba langu lina pande tatu zilizonyooka na pembe tatu. Mbili ziko nchi kavu, zitazameni. Ya tatu imo majini, ndiyo kitanda changu. Atakayenikatia ubao wa kuijaza sawasawa, bila kuiona, atakunywa. Atakayekosea, nitamnywa mimi."

Fisi akacheka. "Shamba kubwa, pembe kubwa!" Akakata ubao mpana. Haukuingia. Mamba akamrukia, Fisi akatoka akichechemea.

Kima akasema, "Pembe ni ndugu, na ndugu hufanana." Akakata ubao kwa mfano wa pembe ya kwanza. Ukapwaya. Kima akaponea mtini, nusu ya mkia imebaki kinywani mwa Mamba.

"Nawe, Bi Miguu Myembamba?" Mamba akauliza. "Utakuwa kitoweo, au kiungo tu?"

"Subira, bwana mkubwa."

Digidigi akachuma jani pana, akalikata kwa meno likawa na pembe tatu. Akazichana zile pembe, akazipanga ubavu kwa ubavu, ncha zote zikakutana mahali pamoja. Lo! Kingo za nje zikafanya mstari ulionyooka kama uzi. Akakata jani la pili, jembamba: mstari. La tatu, refu kupindukia: mstari ule ule.

"Mola wangu," akanong'ona, "nani aliyeziamuru zisizidi wala zisipungue?"

Basi akanakili kwa majani zile pembe mbili za nchi kavu, akazipanga juu ya mstari. Nafasi iliyobaki ndiyo pembe asiyoiona. Akakata ubao kwa kipimo hicho.

Mamba akazama nao. Maji yakatulia.

Mamba akaibuka polepole, kichwa ameinamisha. "Hata unywele haupiti. Ulifika lini kitandani pangu?"

"Sijafika, bwana. Zile mbili zimenipa habari za mwenzao."

"Kunywa, mama. Na mzazi wako mlete."

Mamaye akaletwa, akanywa, akafumbua macho.

Enyi wasikivu, lililofichika lina jamaa walio wazi. Waulize hao kwa adabu, usibahatishe. Mola hakuumba kitu ovyo.

Ngano yangu naitua hapa, mwenye bega aichukue. Nanyi mlionisikiliza, Mola awafungulie milango ya elimu yenye manufaa. Amina.