Mwanamume wa Kukodi Mbele ya Mama Mkwe

Paukwa.

Pakawa.

Pakawa na mwanamke amevaa, amejifukiza udi, kasimama mlangoni.

Na mwanamume wake?

Yuko njiani.

Tangu lini?

Tangu asubuhi. Basi kaeni, tumngojee pamoja.

Hapo kale Bi Nguchiro alikuwa mjane, na mdogo wake alikuwa anaolewa. Kwao, mwanamke akija harusini peke yake, mashangazi humweka jikoni kumenya vitunguu, na kabla vitunguu havijaisha wameshampatia mume. Binamu yake alipewa Mzee Kobe. Wakaondoka siku ileile kwenda nyumbani kwa mume, na mpaka leo hawajafika. Safari hii aliyekuwa akinyemelea ni Mzee Ngiri, tajiri wa matope. Bi Nguchiro alikuwa hali halali, akimfikiria Ngiri.

Sasa, alikuwepo Nyani, dume zima, kifua mbele, manyoya yamechanwa. Kazi yake kusindikiza wanawake wasio na waume kwenye sherehe. Ukimpa mkungu wa ndizi anakushika mkono, anakuita mpenzi, na watu wanameza mate.

Bi Nguchiro akampa mkungu mapema, akamwambia, "Bwana Nyani, mimi sina makuu. Mwanamume wa kukodi nataka afike saa aliyosema, awe ameoga, na asiguse sahani yangu."

"Bibi, adabu ilizaliwa kwetu," akasema Nyani. "Saa tatu kamili nitakuwa mlangoni."

Saa tatu ikafika, Nyani hakufika. Saa tano ikafika, Nyani hakufika. Saa saba, puta puta puta, huyo anakuja, ananuka mapapai ya mwanamke mwingine. Radhi hakuomba. Nasikia mwanamume mzuri akiomba radhi, uzuri unampungua.

"Umechelewa," akasema Bi Nguchiro.

"Kizuri hakina haraka."

Wakaenda, wakaenda, wakafika mtoni. Nyani akaketi. "Nimechoka. Niongezee kitu."

"Utakula huko, Bwana Nyani."

Wakaenda, wakaenda, wakafika mlimani. Nyani akaketi. "Nimechoka. Niongezee kitu."

"Utakula huko, Bwana Nyani."

Wakafika langoni kwenye harusi, pilau inanukia. Nyani akaketi tena. "Sahani yako naichukua mimi. Ukikataa, nawaambia mashangazi zako kwamba umenikodi."

Bi Nguchiro akachungulia ndani. Akamwona Mzee Ngiri amekaa, tena siku hiyo ameoga. Akavuta pumzi. "Sawa, Bwana Nyani. Utakula huko."

Akamshika mkono, akampeleka moja kwa moja mpaka kwenye mkeka wa mama yake. "Mama, huyu amekuja kujitambulisha. Anataka kuwa mkwe wako."

Vigelegele vikapigwa, ririririri.

Na kwa kina Nguchiro, mkwe mpya hali mbele ya mama mkwe. Hainui macho. Haongei. Anakaa mpaka mama mkwe ainuke, na mama yule alikuwa anakula pilau punje mojamoja.

Pilau ikapita. Nyani akanyoosha mkono. Mjomba akamchapa mwiko, pwa. "Mkwe hali."

Samaki wa kupaka akapita. Nyani akanyoosha mkono. Pwa. "Mkwe hali."

Nyani akafungua mdomo. "Jamani, mimi nimeko..."

Pwa. "Mkwe haongei."

Kukimbia je? Kaka arobaini wa Bi Nguchiro walikuwa wamekaa nyuma yake, kwa heshima kabisa.

Tumbo la Nyani likanguruma, gruuu. Wazee wakamsifu: kijana mnyenyekevu, hata njaa yake inasalimia. Bi Nguchiro akala sahani yake, akala na ya mchumba, maana chakula hakitupwi. Mzee Ngiri akakitazama kile kifua kipana, akaaga mapema. Alisema ana udhuru wa matope.

Jua lilipopoa, mama akainuka. Nyani akachomoka mbio, njia nzima anatafuna majani.

Bi Nguchiro alifurahi sana, lakini kumdanganya mama kukamsuta. Akamfuata. "Mama, yule nilimkodi."

"Najua," akasema mama. "Hata baba yako nilimkodi, kwa harusi ya mama yako mdogo."

"Ikawaje mkaoana?"

"Yeye alifika mapema."

Hadithi yangu imekomea hapo: aliyeshiba akalale, aliyechelewa alambe mwiko.

Na mafunzo yake, wanangu, ni haya. Msikodi wanaume, ni aibu kubwa. Mwanamke mwenye heshima hukaa jikoni, akamenya vitunguu, akapokea mume atakayepewa. Ndivyo Mzee Ngiri alivyoniomba niseme.