Pole ya Irankunda

Irankunda alikuwa amepiga magoti sakafuni, akizungusha bendeji kwenye mguu wa mumewe, mguu ambao haukuwa na kidonda chochote.

"Mama Darlène, legeza kidogo," Fiacre alilalama kutoka kwenye kochi. "Ukikaza hivyo, kesho kule bandarini Port Botany nitakanyaga klachi ya lori kwa mguu wa nani?"

"Pole, jamani. Sori, sori!"

"Umefeli!" Binti yao Darlène alicheka, akisema kwa Kiingereza kama ilivyokuwa ada yake. "Mama, umelisema tena."

Neno hilo dogo ndilo lililomwangusha katika mtihani wa vitendo wa uuguzi. Kwao Burundi, na katika kambi ya wakimbizi ya Tanzania alikokulia, mtu akijikwaa huambiwa pole hata na asiyehusika na jiwe lenyewe. Irankunda aliichukua pole hiyo akaivika Kiingereza, ikawa sori. Siku ya mtihani, bibi wa Kizungu aliyejitolea kuigiza mgonjwa alikunja uso kidogo alipofungwa bendeji mguuni. Irankunda akammiminia sori kama mvua.

"Kwani umemfanya nini?" mtahini aliuliza.

"Sori," Irankunda alijibu, ulimi ukiwa mzito.

Bibi akauvuta mguu wake, akidhani ameumizwa, na mtihani ukaishia hapo. Ilibaki nafasi moja tu. Akiikosa hiyo, leseni ya uuguzi ndiyo basi.

Alirudi nyumbani Mount Druitt, mtaa wa ughaibuni walikohamia, amenywea kama kuku aliyenyeshewa. Hata hivyo hakumlaumu mtahini. Alimwita bintiye, akamwambia, "Nifundishe wanavyosema wenyewe."

Léonie, mwimbaji mwenzake wa kwaya, alipopata habari aliguna. "Makubwa! Mama kuwa mwanafunzi wa mtoto wake? Heshima itabaki wapi?"

"Itabaki palepale, dada. Nilimpeleka shule ili ajue. Sasa anajua."

Basi kila jioni Fiacre alinyoosha mguu, Darlène akawa mtahini, na mama akapiga magoti. "Usiombe radhi kama hujakosa," mtoto alimwelekeza. "Sema unachokiona, halafu uliza."

Mtihani wa pili ulipofika, bibi alikuwa yuleyule, na uso akaukunja vilevile. Sori ilimfika Irankunda kwenye ncha ya ulimi. Akaimeza kama dawa chungu. Aliinama hadi macho yao yakakutana.

"Naona unaumia," alisema taratibu, kwa Kiingereza. "Nisitishe kidogo, au niendelee?"

Bibi alimtazama, kisha akaulegeza mguu. "Endelea, mpendwa."

Alifaulu, na leseni akaipata. Leo ukiingia wodini kwake utamkuta palepale alipozoea, amepiga magoti. Juzi alikuwa akisafisha kidonda sugu cha Mzee Siméon, mzaliwa wa Bukavu. Mzee aliuma meno.

"Pole, baba," Irankunda alisema, kwa Kiswahili.

Mzee alifumba macho, akatabasamu. "Asante, mwanangu. Pole kama hiyo sijaisikia tangu nilazwe humu. Je, kimepona?"

"Bado, baba. Ndiyo kwanza kinaanza kufunga. Kesho nitakisafisha tena."

Akajiinua polepole, akishikilia ukingo wa kitanda, magoti yakimlalamikia. Kesho yake yalipaswa kukunjwa tena, kwani mtaka cha mvunguni sharti ainame.